Rangi ya Unga Haishushi Sukari

Ipo rai moja inayotembea bila kupingwa kuanzia soko la Gakoromone mjini Meru hadi vibanda vya Chuka, Embu na Siakago. Inasema hivi: kisukari kimeletwa na vyakula vyeupe, basi dawa yake ni vyakula vya kahawia. Acha mkate mweupe, nunua wa kahawia. Acha unga wa mahindi uliokobolewa, songa ugali wa wimbi, mtama na muhogo. Sukari itatulia, na juu ya hayo utashiba mapema na hutaikumbuka njaa hadi jioni. Rai hii hutolewa kwenye matanga, kwenye vikao vya chama na kwenye benchi la kliniki, tena kwa uhakika ambao daktari mwenyewe hathubutu kuwa nao. Anayeihoji huonekana ametumwa na wasagaji wa unga mweupe.

Tuieleze kwa haki kabla ya kuibomoa, maana haikuzuka tu. Nafaka isiyokobolewa hubaki na pumba na kiini chake, kwa hiyo ina nyuzinyuzi na madini ambayo mashine ya kukoboa huwapelekea ng'ombe. Tafiti zilizofuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba wanaokula nafaka nzima kwa wingi hupata kisukari cha aina ya pili kwa uchache kuliko wenzao. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya mazao ya maeneo makame, walijumlisha tafiti nyingi za wimbi, mtama, mawele na jamaa zao wakapata wastani wa fahirisi ya glisemia ya 52.7, ilhali mchele uliokobolewa ulikuwa na wastani wa 71.7 na ngano iliyosafishwa 74.2. Fahirisi hiyo, iliyobuniwa na David Jenkins na wenzake mjini Toronto mwaka 1981, hupima jinsi chakula kinavyopandisha sukari ya damu kikilinganishwa na glukosi tupu, ambayo hupewa 100. Chakula cha 55 kushuka huhesabiwa kuwa cha chini. Cha 70 kupanda, cha juu. Kwa hiyo anayesema "kula kahawia" ana nyaraka mkononi. Kasoro yake ni kwamba hajazisoma hadi mwisho, na huko mwisho ndiko zinakomgeuka.

1. Mkate wa kahawia na faida ya pointi moja

Tuanze na mkate, kwa kuwa ndio unaonunuliwa kila asubuhi. Mwaka 2008 jarida la Diabetes Care lilichapisha jedwali la kimataifa la fahirisi ya glisemia lililokusanya vipimo vya vyakula zaidi ya 2,400. Wastani wa mkate mweupe wa ngano ulikuwa 75. Wastani wa mkate wa ngano isiyokobolewa ulikuwa 74. Mgonjwa anayeongeza shilingi zake ili ahame kutoka 75 hadi 74 amefunga safari ndefu na kufika kwa jirani. Sababu haina fumbo. Ngano inayoiva vizuri kwenye nyanda za Timau, ikishasagwa laini, huwa vumbi la wanga; pumba zikirudishwa ndani ya vumbi hilo huelea tu pembeni bila kulilinda. Hamira hulijaza hewa, tanuri hulivimbisha, na mate huanza kulivunja kabla halijafika kooni. Hapo tumeuchukulia mkate wa kahawia kuwa ni wa ngano nzima kweli. Soma pakiti: ukikuta orodha inaanza na unga wa ngano wa kawaida, zikafuata pumba, hamira na sukari, basi huo ni mkate mweupe uliovaa koti.

Jedwali hilohilo lina aibu nyingine kwa wapenda rangi. Nduma ya kuchemsha ilipata 53 na ndizi mbichi ya kupika 55. Shayiri ilipata 28. Vyote ni vya rangi hafifu, na vyote vimeupita mkate wa kahawia kwa mbali. Kama rangi ingekuwa dawa, jedwali lingepangwa kutoka cheusi hadi cheupe. Halikupangwa hivyo, kwa sababu mwili hauna jicho tumboni.

2. Mkate wa rai, shahidi aliyeitwa na upande usio wake

Watetezi wa kahawia wakibanwa hapo hukimbilia Ulaya ya Kaskazini, kwenye mkate mweusi wa rai. Rai ninayoitaja hapa ni nafaka, jamaa wa ngano na shayiri anayestahimili baridi kali. Siyo maoni, ingawa maoni juu yake hayaishi. Wafini waliuchagua mkate wake kuwa chakula chao cha taifa mwaka 2017, nchi yao ilipotimiza miaka mia. Umechunguzwa na wanasayansi kwa miongo kadhaa, na kama kuna mkate wa kahawia unaostahili kusimama kizimbani kwa niaba ya wenzake, ni huu. Basi tumsikilize shahidi.

Mwaka 2003 watafiti wa Kuopio, Finland, walichapisha matokeo ya kulinganisha mkate mweupe wa ngano na mikate ya rai yenye viwango tofauti vya nyuzinyuzi. Sukari ya damu baada ya kula haikutofautiana sana baina ya mikate hiyo. Kilichotofautiana ni insulini: waliokula rai walihitaji kiasi kidogo zaidi cha homoni hiyo kuishughulikia sukari ileile. Hiyo ni nafuu ya kweli kwa kongosho, lakini angalia inavyoiacha rai ya mtaani. Mtu angejitoboa kidole na kuweka damu kwenye mashine ya kupimia sukari, asingeona tofauti kubwa kati ya mkate mweusi na mweupe. Muujiza unaohubiriwa ni wa sukari kushuka. Ushahidi uliopo ni wa insulini kupungua. Hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya hajaelewa hata moja.

Jambo la pili katika utafiti huo linauma zaidi. Mmoja wa mikate ile ulitengenezwa kwa moyo wa punje ya rai, pumba zikiwa zimeondolewa. Nao pia ulipunguza insulini. Watafiti walihitimisha kwamba wingi wa nyuzinyuzi hauwezi kuwa maelezo. Tofauti huenda imo katika muundo wa mkate wenyewe. Mkate wa rai ni mzito, umeshikamana, haujajaa mapovu kama wa ngano, na chembe zake za wanga zimefungamana kiasi kwamba vimeng'enya vya utumbo huchelewa kuzifikia. Shahidi wetu ameapa, ameulizwa, na amejibu waziwazi: siri yangu ni umbo.

3. Wimbi lenye namba mbili

Turudi nyumbani na swali hilohilo la umbo. ICRISAT imetupa wastani wa 52.7 kwa wimbi na jamaa zake. Jedwali la 2008 linaupa uji wa nafaka za jamii hiyo 67. Ikiwa nafaka ndiyo tiba, imekuwaje iwe na namba mbili zinazokaa vyumba tofauti, moja chumba cha chini na nyingine ikigonga mlango wa juu? Jibu ni kwamba kipimo huhukumu chakula kilichoiva. Mmea ulikotoka hauhojiwi. Punje iliyopikwa nzima, punje iliyopasuliwa, unga wa chenga na unga laini kama poda ni vyakula vinne, hata vikitoka kwenye gunia moja.

Mwaka 1988 watafiti wa Bristol, Uingereza, wakiongozwa na Kenneth Heaton, walilijaribu hili kwa uwazi ambao haujapitwa. Waliwapa watu kumi ngano katika sura nne: punje nzima, punje zilizopasuliwa, unga wa chenga na unga laini, vyote bila kukobolewa. Insulini ilipanda ngazi kwa ngazi kwa mpangilio huohuo, kutoka punje nzima hadi unga laini. Wakajaribu mahindi: unga laini uliamsha insulini zaidi ya punje nzima na zilizopasuliwa. Ndani ya punje, wanga umefungwa katika vyumba vidogo vyenye kuta. Jiwe la kusagia huvunja kuta zote mara moja na kufanya kazi ambayo meno na tumbo vingeifanya kwa saa kadhaa. Mwenye kupeleka wimbi kwenye mashine ya posho, akamwambia kijana wa mashine "saga laini kabisa, ni ya mgonjwa," amelipa ili ulinzi wa punje uondolewe, kisha akaubeba unga nyumbani akiuita dawa.

Kuna njia moja ambayo wimbi lililosagwa hukaribia mkate wa rai wa kienyeji, nayo ni kuchachusha. Mkate huo wa Wafini huumuliwa kwa chachu ya siku kadhaa, na asidi inayozalishwa husaidia kupunguza kasi ya sukari. Uji mchachu wa wimbi una asidi ya ukoo huohuo. Lakini tazama unavyonywewa: vijiko vitatu vya sukari vinazamishwa kikombeni ili kuua ule uchachu. Kinachofaa kinafunikwa kwa kinachodhuru, na kikombe kinabaki cha kahawia, kwa hiyo dhamiri inabaki nyeupe.

4. Mlima wa ugali haujali rangi

Rai ya kahawia ina hila moja ya ulaji: inaondoa kipimo. Mtu akishaambiwa chakula fulani ni salama, hukipakua kwa mkono mwepesi. Ni vema ijulikane kwamba fahirisi ya glisemia kwa kawaida hupimwa kwa chakula chenye gramu 50 za wanga tu. Gramu 200 za unga mkavu, kiasi ambacho mtu mzima mwenye njaa hukimaliza kwa sukumawiki bila kushangaa, zina wanga wa gramu 145 hivi, karibu mara tatu ya kipimo cha maabara. Tuupe ugali wa kahawia namba yake nzuri kuliko zote, 52.7, kisha tuzidishe kwa wanga huo na kugawanya kwa 100: tunapata kinachoitwa mzigo wa glisemia, nao ni 76. Vipande viwili vya mkate mweupe, vyenye wanga wa gramu 25 hivi kwa fahirisi ya 75, vina mzigo wa 19. Ugali uliosifiwa umeushinda mkate uliolaaniwa mara nne katika mbio ambazo haukupaswa kushinda.

Hesabu hii haimtakasi mkate mweupe. Inaonyesha tu kwamba swali la "unga gani" limetumika kuficha swali la "kiasi gani". La kwanza hujibiwa dukani, kwa pesa. La pili hujibiwa mezani, kwa kujinyima. Ni wazi kwa nini tulichagua la kwanza.

5. Kushiba si kupona

Hoja ya hamu ya kula ndiyo tamu kuliko zote, kwa hiyo ichunguzwe kwa ukali zaidi. Inasemwa kwamba chakula cha kahawia hukaa tumboni, hukata njaa, na hivyo hupunguza uzito. Majaribio ya asubuhi moja kule Uswidi yamewahi kuonyesha kwamba waliokula rai walihisi kushiba zaidi. Lakini mtu haishi asubuhi moja. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wiki 12 lililowahusisha Waswidi 242 wenye uzito uliozidi. Nusu walipewa bidhaa za rai zenye nyuzinyuzi nyingi, nusu ngano iliyosafishwa, wote wakishauriwa kupunguza chakula. Kundi la rai lilipungua kilo 1.08 zaidi. Si haba. Ila walipoulizwa kuhusu njaa na shibe, hapakuwa na tofauti ya kuaminika kati ya makundi. Yaani hata pale rai iliposaidia uzito, ile hadithi ya kukata njaa haikujionyesha. Na kilo moja kwa miezi mitatu, chini ya usimamizi wa watafiti, ni mbali sana na ahadi za kikao cha chama.

Zaidi ya hayo, tangu lini kukosa njaa kukawa ushahidi wa afya? Nyambene nzima inajua zao linalokata njaa kuliko mkate wowote wa Ulaya. Kuanzia Maua hadi Laare, mtafunaji wa miraa huweza kukesha bila kukumbuka sufuria, huku chupa za soda zikipangika miguuni pake. Njaa imezimwa, sukari imemiminwa. Kama kipimo cha chakula bora ni kuua hamu ya kula, basi tuanze kuandika miraa kwenye karatasi za lishe. Kipimo sahihi ni kile chakula kinachofanya ndani baada ya njaa kuondoka.

6. "Lakini wazee wetu walikula wimbi"

Hili ndilo pingamizi linalotolewa kwa sauti ya kufunga mjadala. Wazee walikula wimbi na mtama, na kisukari hawakukijua. Nusu ya pili ya sentensi hiyo haina uzito: ugonjwa usiopimwa haujulikani. Nusu ya kwanza imekatwa katikati. Wazee walikula wimbi, ndiyo, na walipanda na kushuka miteremko ya Mlima Kenya kwa miguu wakiwa na mizigo. Hawakuwa na sukari ya dukani kila kikombe. Na wimbi lao, lililosagwa kwa jiwe, liliishia kwenye uji na pombe kama lilivyoishia kwenye ugali. Anayechukua unga wao na kuacha miguu yao amerithi nusu ya mali, tena nusu iliyo rahisi kubeba.

Mtama nao una historia ya karibu inayopaswa kutufanya waangalifu na sifa za ghafla. Miaka kumi na kitu iliyopita wakulima wa Tharaka na Mbeere walihimizwa kupanda aina ya Gadam kwa ajili ya bia ya keg. Mwaka 2013 serikali iliitoza bia hiyo ushuru mkubwa, soko likaporomoka. Mwaka 2015 ushuru ukapunguzwa tena. Punje ilikuwa ileile wakati wote. Ilipokuwa na mnunuzi mwenye mapipa iliitwa malighafi. Leo inatafuta mnunuzi mwenye kisukari, ikaitwa tiba. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, na siku hizi unga unatembezwa sana.

7. Sufuria tuliyoionea haya

Kichekesho kikubwa ni kwamba maeneo haya yana chakula kinachotimiza kila sharti ambalo mkate wa rai unasifiwa kwalo, na tumekihamishia shule za bweni. Githeri ni punje nzima za mahindi na maharagwe yasiyopondwa. Kuta za punje zipo. Maharagwe mekundu katika jedwali la 2008 yana 24, chini ya theluthi ya mkate wa kahawia, na yanachukua nafasi ya sehemu ya mahindi sahanini. Mwaka 1982 Jenkins na wenzake walionyesha kwamba dengu zilizoliwa asubuhi hupunguza mpando wa sukari hata baada ya mlo wa mchana. Na watafiti wa Lund, Uswidi, walipata matokeo ya aina hiyo kwa punje nzima za shayiri zilizoliwa jioni na kuonekana kwenye kifungua kinywa cha kesho yake. Wanaoimba mkate mweusi wa Ulaya wanaimba, bila kujua, wimbo wa sufuria waliyoikimbia walipopata mshahara. Agosti 2017, mpiga kura mmoja alipopigwa picha kwenye foleni akila githeri kutoka mfuko wa plastiki, taifa zima lilicheka.

Hata hivyo nisije nikabadilisha sanamu moja kwa nyingine. Githeri haiponyi kisukari, na sinia lake linahesabiwa wanga kama sinia lolote. Ikijazwa viazi na kupondwa ikawa mukimo, ulinzi mwingi umekwenda: kiazi cha kuchemsha kina 78 katika jedwali lile, na kile cha kupondwa cha pakiti kina 87. "Cha kienyeji" ni neno la rangi nyingine tu. Mwiko unaoponda kwa bidii ni mashine ya posho yenye mpini.

Pingamizi zito ni la kuni. Mahindi makavu na maharagwe huchemka kwa saa nyingi, na makaa na gesi si bure. Unga huiva kwa dakika ishirini. Pingamizi hili nalikubali kwa uzito wake wote, na linathibitisha hoja yangu. Unga umeshinda kwa sababu unaokoa moto na muda, si kwa sababu unaokoa kongosho. Kuloweka usiku kucha hupunguza moto. Kuchemsha gorogoro moja kwa wiki na kuigawa hupunguza zaidi. Lakini anayechagua unga kwa ajili ya moto aseme hivyo. Asilete daktari wa kumsingizia.

8. Gharama isiyoandikwa kwenye pakiti

Bei ya unga wa "afya" inaonekana. Gharama nyingine haionekani. Mgonjwa aliyeshawishika kwamba amebadilisha unga huanza kuona vidonge ni vya ziada. Leo anaruka kimoja, mwezi ujao haendi kuchukua vingine. Kisukari hakipigi kelele. Kinakula macho, figo na miguu polepole, na kahawia ya ugali haina namna ya kuonyesha kinachoendelea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uligundua kwamba karibu asilimia 88 ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari. Hao wote wana maoni kuhusu unga. Tumekuwa watu wanaoijua rangi ya ugali wao na wasioijua namba ya damu yao.

Kwa hiyo anayeendelea kuihubiri kahawia na apewe jaribio la haki, lisilohitaji maabara ya Kuopio. Achukue mashine ya kupimia sukari. Siku moja ale ugali wake wa wimbi kwa kipimo anachokula kweli, bila kujipunguzia kwa sababu anatazamwa. Siku nyingine ale githeri ya maharagwe mengi, isiyopondwa, kwa uzito wa wanga uleule. Apime kabla, apime baada ya saa moja, apime baada ya saa mbili, bila kuacha dawa zake. Akishaziandika namba sita kwenye karatasi, ndipo aje tujadili rangi.